Tarab ni nini? Tumsikilize Umm Kulthum

Ukimwambia Mzanzibari kwamba leo kuna taarab, atakuuliza wapi, na kiingilio kiasi gani. Mmisri wa zamani angekuelewa vingine kabisa. Kwake tarab si kitu cha kwendea, ni kitu kinachompata mtu: ile hali ya moyo kutikiswa na sauti, kwa furaha, kwa huzuni au kwa vyote viwili, hadi mtu mzima na heshima zake anajisahau na kupiga ukelele, "Allah!" Mwimbaji anayejua kuileta hali hiyo huitwa mutrib, na mwanamke ni mutriba. Sisi wa Pwani tulichukua jina la ulevi tukakipa kinywaji.

Kamusi haitakufikisha mbali kwenye neno hili. Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, atakufikisha.

Alizaliwa kijijini Tamay az-Zahayra, kwenye Delta ya Nile. Mwaka wenyewe una ubishi, wengine husema 1898, wengine 1904. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, na riziki ilipobana aliiongezea kwa kuimba kasida harusini na kwenye maulidi. Alikuwa akimfundisha mwanawe wa kiume. Binti akazidaka kasida kwa kusikia tu, kisha akaziimba vizuri kuliko waliofundishwa. Baba aliona haya kumsimamisha binti mbele ya wanaume, kwa hiyo akamvisha nguo za mvulana wa Kibedui, na hivyo ndivyo Misri ya mashambani ilivyomwona kwanza.

Pia alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, na hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Aliyepita chuo anajua mwalimu anavyokurudisha nyuma mara kumi kwa herufi moja isiyotoka kwenye makhraji yake, yaani mahali inapotamkiwa kinywani au kooni. Kwa Umm Kulthum kila herufi ilitoka mahali pake, hata pale sauti ilipokuwa juu kabisa. Tarab huanzia hapo: huwezi kutikiswa na neno ambalo hukulisikia sawasawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia ilihamia Cairo. Huko akampata mshairi Ahmad Rami, aliyemwandikia nyimbo zaidi ya mia, na mpiga udi Mohamed El Qasabgi, ambaye pia alimtungia muziki. Akaingia kwenye filamu sita, kuanzia Widad ya 1936. Lakini kilichomfanya awe as-Sitt, yaani Bibi, bila haja ya kutaja jina, kilikuwa redio. Redio ya taifa ya Misri ilianza 1934, na baadaye Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikawa yake. Kwa miaka mingi, usiku huo mikahawa na majumba kutoka Morocco hadi Iraq yalikuwa na sauti moja.

Sasa tutazame jukwaani. Pazia linafunguka, yeye ameketi kitini, kitambaa mkononi. Kundi linapiga dibaji, na usitegemee dakika moja. Mara ya kwanza nilipouweka Inta Omri, wimbo wa 1964 uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab, nilidhani nimepewa faili lisilo na mwimbaji. Nikateremka daladala bado ananisubirisha.

Hatimaye anasimama. Anaimba mstari mmoja wazi, bila madoido. Anaurudia. Mara ya tatu anaivuta irabu moja, anaigeuza makamu, yaani mpangilio wa sauti wa wimbo, kidogo, ile sauti iliyo kati ya noti mbili za piano inajitokeza, kanuni, ala ya nyuzi nyingi, inamjibu. Watu wameshaanza kusogea vitini. Halafu anaushusha mstari hadi unatua kwenye noti ya nyumbani. Kutua huko huitwa qafla, neno la ukoo mmoja na kufuli letu, na hapo ndipo ukumbi hulipuka. Wanadai arudie, naye anarudia, ila harudii vilevile.

Mtu asiyezoea atasema anajirudia. Mimi nasema anapima. Anaangalia kama mstari umeingia, na kama bado, anajaribu mlango mwingine. Ndiyo maana wimbo mmoja ulikuwa mfupi usiku huu na mrefu usiku ule: urefu ulikuwa mikononi mwa wasikilizaji pia. Waarabu wana jina kwa msikilizaji mjuzi wa namna hiyo, sammi'a, na bila yeye mwimbaji hawezi kuifikia tarab peke yake.

Mfano mzuri ni al-Atlal, yaani Magofu, wa 1966: shairi la Ibrahim Nagi, muziki wa Riyad al-Sunbati. Ni shairi la penzi lililobomoka. Lina mstari unaosema nipe uhuru wangu, ifungue mikono yangu. Baada ya Misri kushindwa vita vya Juni 1967, wengi waliusikia mstari huo kama kilio cha nchi, na maneno yalikuwa yaleyale. Novemba mwaka huo aliimba kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, na mapato akayapeleka kwa taifa lake. Alipofariki, tarehe 3 Februari 1975, umati uliwanyang'anya wabebaji jeneza na kulipokezana mabegani mitaani hadi msikiti wa al-Husayn.

Na Unguja je? Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kilikuwa kikiangalia Cairo kwa udi, kanuni na fidla zake. Lakini mwanamke aliyeitia taarab maneno ya Kiswahili cha mtaani alizaliwa akiitwa Mtumwa, kisha akapewa jina la Siti, binti Saad. Siti ni Sitt ileile ya Umm Kulthum. Alirekodi Bombay 1928, wakati mwenzake wa Cairo ndiyo kwanza anapanda. Sammi'a wetu pia tunao, ila hapigi sana makelele. Mstari ukimgusa, anainuka, anatembea kwa maringo hadi mbele na kumtunza mwimbaji noti, na ukumbi mzima unajua ni mstari gani na pengine unamhusu nani.

Ukitaka kumsikiliza Umm Kulthum, basi, usianze na rekodi za studio. Tafuta ya jukwaani, yenye kikohozi na makofi. Katika rekodi hizo kuna mwanamume fulani nyuma anayepiga kelele kila baada ya qafla, na ukimzoea, utaanza kumtangulia.