Je, wajua? Ubongo wa mzee si mgebuka mkavu

"Samaki mkunje angali mbichi," ndivyo watu wanavyosema wakimwona mtu mzima ameshika daftari. Kwetu Kigoma methali hii haihitaji mkalimani. Mgebuka akitoka ziwani unamkunja utakavyo; akishapigwa moshi na jua, ukijaribu kumkunja anakatika vipande viwili. Basi mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi Ujiji, alipotangaza akiwa na miaka 68 kwamba anajifunza Kifaransa kwa simu, kila aliyepita barazani kwake alimtupia methali hiyo. Nami nilikuwa miongoni mwao, Mungu anisamehe.

Yeye alinijibu kwa swali la kimwalimu: "Nani alikwambia ubongo ni samaki?"

Nikaenda kusoma. Na kweli, methali yetu inamfaa samaki tu.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Tunapojifunza hatupangi seli mpya kama tofali juu ya tofali. Kinachobadilika zaidi ni njia zinazounganisha seli na seli. Njia inayopitwa kila siku hupanuka na kuwa ngumu chini ya unyayo, isiyopitwa huota majani. Uzee haufungi kazi hiyo, ila huipunguza mwendo. Ndiyo maana bibi anayemwita mjukuu hutaja kwanza majina ya wajukuu watatu wengine ndipo afike kwa huyo aliyesimama mbele yake. Bibi huyohuyo, ukimpeleka kwenye msamiati, mafumbo, au nani alioa ukoo gani mwaka gani, anakuacha mbali. Kasi hushuka, lakini akiba ya maneno na maarifa huendelea kukua hata baada ya miaka 60.

Ushahidi ulioniburudisha zaidi ni wa mipira. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba waliwachukua watu wenye umri wa miaka 60 hivi, wakawafundisha kurusha na kudaka mipira mitatu bila kuiangusha, kama wafanyavyo wanasarakasi. Picha za ubongo zilizopigwa kabla na baada zilionyesha kwamba waliofaulu walikuwa wameongezeka nyama ya ubongo katika sehemu inayofuatilia vitu vinavyokwenda, na pia katika hipokampasi, kile kipande kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo ambacho bila hicho kumbukumbu mpya hazishiki. Walipoacha mazoezi kwa miezi kadhaa, ongezeko lilianza kurudi nyuma. Njia ikaanza kuota majani.

Madereva wa teksi wa London nao wana kisa chao. Ili apewe leseni ya teksi nyeusi, dereva lazima akariri mitaa kama 25,000 ya jiji hilo. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Wapo waliosema labda wamezaliwa hivyo. Utafiti wa pili, wa mwaka 2011, uliwafuata wanafunzi wa udereva tangu mwanzo: waliofaulu ubongo wao ulibadilika, walioshindwa haukubadilika. Sijasikia kwamba kuna mtu amewapima manahodha wa mwalo wa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, wanaorudi gizani bila ramani, wakizijua taa za nchi kavu kama wanavyozijua nyuso za watoto wao. Wangetufurahisha.

Sasa nifike kwenye bao, maana hapa nitagombana na wazee wangu.

Barazani utaambiwa kwamba bao la kete hunoa akili. Ni kweli, hasa kwa anayejifunza. Lakini mzee aliyecheza miaka 50 hahesabu tena. Mkono unajua wenyewe wapi pa kuchota na wapi pa kumwaga. Anajiburudisha, na burudani ina faida zake, ila akili yake inapita njia iliyokwisha kuwa barabara. Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walitoa matokeo ya jaribio lililogusa jambo hilihili. Waliwagawa watu wenye umri wa miaka 60 hadi 90 katika makundi. Wengine walijifunza kupiga picha kwa kamera ya kidijitali na kuzisafisha kwa kompyuta, wengine kushona mablanketi ya viraka, wengine yote mawili. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo, michezo na matembezi bila kufundishwa ujuzi mpya. Jingine lilibaki nyumbani na kazi nyepesi kama kusikiliza muziki na kujaza maneno. Kila mmoja alitoa saa 15 hivi kwa wiki, miezi mitatu. Walioboreka zaidi kwenye kumbukumbu ni wale waliohangaika na kitu kigeni na kigumu. Kukaa pamoja na kucheka, peke yake, hakukufikisha huko.

Kwa hiyo ukiniuliza kinachonoa ni nini, nitasema ni ule ugumu wenyewe: kitu usichokijua, kinachokukosesha raha kidogo, na kinachodai utende badala ya kutazama tu. Mzee anayeangalia video za mapishi saa tatu mfululizo hajasoma. Ametazama runinga ndogo.

Na simu yenyewe ni somo. Watafiti hao wa Dallas walifanya jaribio jingine, wakawafundisha wazee ambao hawakuwahi kutumia kompyuta kibao. Kumbukumbu na kasi ya kufikiri vilipanda. Kwa hiyo babu anapokusumbua mara ya nne akiuliza namna ya kurudisha ukurasa uliopotea, usimnyang'anye simu ukamfanyia. Unamwibia zoezi.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, maana kwenye jambo hili wauza maneno ni wengi. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani yenye michezo ya simu iitwayo Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kuilaumu kwamba matangazo yake yaliwahadaa watu kwa kudai michezo hiyo inazuia akili kuzeeka. Mtu akicheza mchezo wa simu kila siku anakuwa hodari wa mchezo huo. Kwamba uhodari huo utamfuata hadi sokoni ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mafunzo ya akili yanaweza kutolewa kwa wazee, likakiri kwamba ushahidi wake bado ni dhaifu. Na kamati ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo yangerekebishwa, takriban asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza akili uzeeni yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo utakuta elimu ndogo utotoni na upweke, lakini pia shinikizo la damu, kisukari, sigara, kukaa bila kutembea, masikio yasiyosikia na macho yasiyotibiwa. Kwa hiyo anayejifunza Kifaransa huku amesahau vidonge vya presha amekosea mpango.

Haya, tuje kwenye hela. Wengi wanadhani kusoma mtandaoni ni kazi ya mwenye bando nene. Piga hesabu hii uone. Somo la sauti la ubora wa kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, hula megabaiti 29 hivi kwa saa nzima. Video ya ubora wa kati hula mamia ya megabaiti kwa saa hiyohiyo. Gigabaiti moja, ambayo kijana anaimaliza kwa jioni moja ya video, ni zaidi ya saa 30 za kusikiliza. Maandishi ni rahisi kupita kiasi: Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ukurasa wake mmoja unafunguka kwa vocha isiyokosekana mfukoni. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, bure. Mstaafu anaweza kusoma Historia au Sayansi ya mjukuu wake na kumwonyesha kwamba naye hajalala. Kozi nyingi za vyuo vya nje huruhusu kusoma bure, na cheti ndicho hulipiwa. Mama wa miaka 68 cheti cha nini?

Lakini ujanja mkubwa kuliko yote wazee wetu walikwisha kuufanya, na hakuna aliyekuwa na simu. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12 za vipindi vya redio, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakisikiliza katika vikundi. Redio ilikuwa moja, kijitabu kimoja, kiongozi wa kikundi mmoja. Kipindi kikiisha redio inazimwa, watu wanajadili walichosikia, kisha wanaondoka kwenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani yanayofuga mbu. Mama mdogo alikuwa binti wa miaka 16. Kazi yake ilikuwa kumsomea baba yake kijitabu kwa mwanga wa koroboi, kwa sababu baba hakujua kusoma ila hakukubali kwenda kikundini mikono mitupu.

Ule mpango ndio alioufufua mama mdogo barazani. Wako wanne, wote wastaafu au wajane. Mmoja anaunga bando, anashusha somo la sauti, kisha wanarushiana simu kwa simu bila kutumia bando hata chembe. Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri wanakutana, wanalisikiliza kwenye spika ndogo mara moja tu. Mara moja, kwa makusudi. Halafu spika inazimwa na kila mmoja anasema alichokumbuka. Atakayekwama anasaidiwa na wenzake kabla ya kukimbilia simu.

Huko kuzima ndiko kwenye siri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma waliweka vingi zaidi kichwani baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tena na tena. Walimu wa madrasa za Ujiji hawakungoja utafiti huo, mtoto aliyedai amehifadhi sura alifunikiwa msahafu, akaambiwa, "Haya, soma." Kurudia huku unatazama kunampa mtu raha ya kudhani anajua. Kukumbuka kwa jasho ndiko kunakoikanyaga ile njia.

Kuna mambo mawili madogo yanayowakwamisha wazee kuliko ugumu wa masomo. La kwanza ni macho. Kuanzia miaka 40 na kitu jicho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na wengi huhitimisha kwamba "mambo ya simu hayaniingii" kumbe hawaoni herufi. Miwani ya kusomea na kukuza maandishi kwenye mipangilio ya simu humaliza nusu ya malalamiko. La pili ni matapeli. Aliyeanza kushika simu jana ndiye windo lao, na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umelia katika simu ya kila mzee ninayemjua. Kikundi cha mama mdogo kina sheria moja: hakuna anayetuma pesa wala kutaja namba ya siri kwa sababu ya somo lolote, hata likiwa na nembo nzuri namna gani.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo sokoni Mwanga, mjini Kigoma, kutafuta vitenge. Akamwona mfanyabiashara kutoka Kongo, akajiweka sawa kama anayeingia chumba cha mtihani, akamuuliza bei kwa Kifaransa. Yule bwana akacheka kwa heshima. "Mama, sema tu Kiswahili, tutasikilizana."

"Sikuja kununua, mwanangu. Nimekuja kufanya mtihani."

Basi wakaendelea kwa Kifaransa, hadi walipofika kwenye sabini. Mama mdogo alikuwa ameikariri kwa shida, kwa sababu Wafaransa hawana neno moja la sabini. Husema sitini-na-kumi, soixante-dix. Mkongo akatikisa kichwa. Kwao, kama kwa Wabelgiji waliowatawala, sabini ni septante, neno moja, basi. Mama mdogo akabaki amesimama katikati ya soko, mkono kiunoni, akilirudia neno hilo kwa sauti ya chini. Njiani kurudi Ujiji hakusema na mimi hata kidogo. Alikuwa anawatumia wenzake ujumbe wa sauti, kuwaambia kwamba simu imewaficha kitu.