Jenereta ya Kubebeka kwa Safari za Gari la Kambi: Dhana Potofu na Ukweli

Gari la kambi, liwe na injini yake au ni trela inayokokotwa, hubeba friji, taa, pampu ya maji, chaja na mara nyingi kiyoyozi cha juu ya paa. Mahali pasipo na umeme wa kuunganishia, vifaa hivyo vyote hutegemea jenereta. Kwa maoni yangu, makosa mengi katika kuichagua na kuibeba hutokana na kuitazama kama sanduku la wati tu, ilhali ni injini inayovuta hewa, inayotoa sumu, inayovujisha oili ikilazwa, na inayohitaji mtu wa kuiinua.

Dhana: Wati zilizoandikwa ubavuni ndizo zitakazopatikana muda wote.

Namba kubwa inayoandikwa ubavuni kwa kawaida ni nguvu ya kuanzia, ambayo jenereta huweza kuitoa kwa muda mfupi sana. Nguvu ya mfululizo, ambayo ndiyo ya kupangia matumizi, huandikwa kwa herufi ndogo au huachwa ndani ya kitabu cha maelekezo. Jenereta inayouzwa kama ya wati 2,000 mara nyingi hutoa kati ya 1,600 na 1,800 mfululizo. Tofauti hiyo hujitokeza zaidi kwa wenye viyoyozi: kiyoyozi cha BTU 13,500 (kipimo cha uwezo wa kupooza) hutumia takriban wati 1,500 kikishatulia, lakini kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, inapoanza kuzunguka huweza kudai maradufu ya hapo au zaidi kwa kufumba na kufumbua, na jenereta iliyokuwa ikitosha kwenye karatasi huzidiwa papo hapo. Kipo kifaa cha kuianzisha kompresa polepole, kinachofungwa ndani ya kiyoyozi chenyewe, ambacho hupunguza sana dai hilo la mwanzo. Ningeshauri kukifikiria kwanza kabla ya kununua jenereta kubwa zaidi.

Mwinuko nao hukata nguvu. Injini ndogo ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo katika kambi iliyo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari zaidi ya robo imekwisha kupotea, na wati 1,600 zimebaki kama 1,150. Anayetumia gesi ya mtungi badala ya petroli apunguze tena takriban asilimia 10, ingawa gesi ina faida yake, kwa kuwa haichachi hata ikikaa miezi mingi.

Dhana: Jenereta kubwa ndiyo chaguo la uhakika.

Jenereta ya kawaida ya fremu wazi huzungusha injini kwa kasi ileile, mizunguko 3,000 kwa dakika kwa umeme wa hezi 50 au 3,600 kwa hezi 60, hata kama kinachotumika ni taa mbili tu. Hivyo petroli huungua na kelele hubaki palepale. Jenereta ya inveta, ambayo hurekebisha umeme kwa saketi za elektroniki, hupunguza kasi mzigo unapopungua, na umeme wake ni laini zaidi kwa kompyuta na chaja. Kuna pia suala la uzito: jenereta ya fremu wazi ya wati 3,500 huweza kufika kilo 45 au kupita, wakati inveta ya wati 2,000 ina takriban kilo 21. Inveta mbili ndogo zinazokubali kuunganishwa kwa waya wa sambamba hujumlisha nguvu zake, kila moja huinuliwa na mtu mmoja, na siku za baridi moja hutosha. Kwa msafiri anayeishusha na kuipakia kila kituo, naona mpango huo una busara kuliko kununua moja kubwa.

Dhana: Kelele iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo itakayosikika kambini.

Watengenezaji wengi hupima wakiwa umbali wa mita 7, tena jenereta ikibeba robo tu ya mzigo wake, kwa hiyo ikiendesha kiyoyozi itasikika zaidi. Vilevile desibeli, kipimo cha kelele, hazijumlishwi kama kilo: ongezeko la 10 husikika kama kelele iliyokuwa maradufu. Katika hifadhi za taifa za Marekani kikomo ni desibeli 60 kwa umbali wa futi 50, yaani takriban mita 15, na huwezi kukilinganisha na namba ya boksi bila kutazama umbali uliotumika kupima.

Dhana: Maadamu jenereta iko nje, moshi wake hauna madhara.

Hii ndiyo dhana inayoua. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Jenereta iliyowekwa chini ya turubai la mlangoni, kando ya dirisha, au katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa karibu iko nje kwa jina tu, kwa sababu gesi hujikusanya hapo na kupenya kupitia madirisha, matundu ya friji na nyufa za sakafu. Iwekwe angalau mita 6 kutoka kwenye gari, bomba la moshi likitazama upande usio na watu, na majirani wakihesabiwa miongoni mwa watu hao. Umbali huo unahitaji waya mnene uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, kwani mwembamba hupata joto na kupunguza volti.

Wengine hutegemea kihisio kinachozima jenereta gesi inapozidi. Ni kinga nzuri, lakini hupima hewa iliyo karibu na jenereta yenyewe, si ile ya chumba ambamo mtoto amelala. Kwa hiyo king'ora cha kaboni monoksaidi kiwemo ndani ya gari, kijaribiwe kabla ya kila safari, na jenereta izimwe kabla ya watu kulala, maana upepo hugeuka usiku bila mtu kujua. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyowapata watu kadhaa kwa pamoja visidhaniwe kuwa uchovu wa safari: kwanza watu wote watoke nje, kisha msaada uitwe. Kufungua madirisha na kuendelea kukaa ndani hakutoshi.

Dhana: Ikishazimwa, inaweza kulazwa popote.

Jenereta ikilazwa ubavu, oili huingia kwenye silinda na chujio la hewa, na injini huweza kukataa kuwaka au kuharibika inapolazimishwa. Isafirishwe ikiwa imesimama, imepoa, vali ya petroli na tundu la hewa la kifuniko cha tangi vikiwa vimefungwa, na mikanda ikiishika pande zote. Isipakiwe kamwe katika sehemu ya kuishi, hata kama tangi linaonekana tupu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na huweza kufikia mwali wa friji ya gesi au wa hita ya maji.

Wenye trela hupenda kuifunga kwenye bampa ya nyuma. Bampa nyingi hazikutengenezwa kwa mzigo huo, na uzito uliowekwa nyuma kabisa huinua pua ya trela. Pua hiyo inatakiwa kukandamiza ndoano ya gari kwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, na ikipungua mno trela huanza kuyumba kwa mwendo wa kasi. Sehemu ya nyuma ya pikapu, iliyo wazi, ni mahali bora zaidi. Dumu la petroli nalo lishushwe chini wakati wa kulijaza, ili umeme tuli usizue cheche.

Dhana: Petroli iliyobaki inaweza kungoja safari ijayo.

Petroli hasa yenye ethanoli huanza kuchacha baada ya wiki chache, na mabaki yake huziba matundu madogo ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Safari ikiisha, vali ifungwe injini ikiwa inanguruma hadi ijizime yenyewe, kisha kilichobaki tangini kimiminwe kwenye dumu na kutumika mapema.