Mtepe haukushonwa kwa kuogopa sumaku

Bado wapo wanaosema mtepe, chombo cha kale cha tanga cha pwani ya Afrika Mashariki, ulishonwa kwa kamba kwa sababu milima ya sumaku chini ya bahari ingeng'oa misumari. Lakini majahazi ya Nungwi, Unguja, yamepigiliwa misumari ya chuma, na huvuka Mkondo wa Pemba salama.

Chuma kilikuwa ghali, tena hushika kutu; makumbi ya nazi yalijaa kila kijiji. Mbao zilitobolewa kwa keekee, zikaunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vijiti vilivyopigwa mshazari, zikashonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi hayo, kisha kila tundu likazibwa kwa kijiti. Ni ufundi wa hali ya juu: chombo kilinyumbuka kikikalia mchanga maji yakipwa. Udhaifu ulikuwa kwenye kamba. Ikioza, mshono hulegea, maji huingia. Mabaharia walifua maji safari nzima, na mtepe ukashonwa upya mara kwa mara.