Kitoto cha nguruwe hakina cha kuzoelea baridi

Kila kipupwe, kuanzia Kibosho hadi Marangu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wafugaji wananiambia neno lile lile: "Daktari, waache tu, watazoea baridi." Wanaosemwa hapo ni vitoto vya nguruwe vya siku mbili. Nimechoka kulisikia, maana neno hilo linaua.

Kuzoea baridi kupo, sibishi. Panya wa maabara akikaa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi kwa wiki tatu hivi, mtetemeko hupungua hadi karibu kwisha, ila joto analozalisha halipungui. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanamwona ametulia, wanadhani mwili umeacha kugharimika. Kumbe kazi imehama kutoka kwenye misuli kwenda kwenye mafuta ya kahawia, yaani mafuta maalumu ya mwilini yanayozalisha joto. Noradrenalini, kemikali ya neva, huyachochea, seli zake huongeza mitokondria (vinu vyake vya nishati), na humo protini iitwayo UCP1 hurudisha protoni, chembe zenye chaji, ndani bila kutengeneza ATP, ile nishati ambayo seli huitumia kwa kazi zake, hivyo nishati inatoka kama joto. Ndiyo maana mnyama aliyezoea baridi anakula zaidi, wala si pungufu.

Sasa nguruwe. Ukoo wake ulipoteza UCP1 mamilioni ya miaka iliyopita. Ndama na mwanakondoo huzaliwa na mafuta ya kahawia. Kitoto cha nguruwe hakina. Kinazaliwa kimelowa, manyoya haba, mafuta kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Chini ya nyuzi 34 tayari kinagharamia joto lake, na usiku wa Julai huku juu mara nyingi hushuka chini ya 15! Kinatetemeka, kinaunguza glaikojeni, yaani akiba ya sukari, ya ini na misuli. Ikiisha, kinapoa, kinashindwa kunyonya, kinajibanza kwa mama, mama anakilalia. Kisha lawama anabebeshwa jike.

Vitabu husema kitoto cha nguruwe hujipasha kwa kutetemeka tu. Mimi nasita kidogo: misuli inaweza kutoa joto bila kutetemeka, kwa kuzungusha kalisiamu ndani ya seli, na utafiti wa nguruwe mwitu wachanga unaelekea huko. Lakini uwezo huo hujengeka kadiri wanavyokua. Usiku wa kwanza siutegemei hata kidogo.

Kwa hiyo kikaushe mara kinapozaliwa, kinyonye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa zile zile za mwanzo, kitandikie maranda makavu na uweke balbu ya joto kwenye kona isiyopigwa na upepo. Iwe kona tu, usipashe banda zima: jike anaridhika na nyuzi 18 hadi 20, na joto likimzidi anapunguza kula, maziwa nayo yanapungua.