Je, wajua kwa nini jirani huulizwa kabla shamba halijageuzwa godauni?

Ukitoka mjini Nairobi ukipita Ruai kuelekea Kamulu, bado utaona mashamba: sukuma wiki, nyasi za ng'ombe, eka mbili tatu zilizozungushiwa ua wa michongoma. Halafu siku moja unakuta ubao mdogo umefungwa kwa waya kwenye lango la mtu. Juu yake pana karatasi yenye maandishi madogo na nambari ya ploti. Inaeleza kuwa mwenye ardhi ameomba kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi ghala, kituo cha mafuta au nyumba za kupangisha. Chini kabisa pameandikwa kwamba mwenye pingamizi aiandikie kaunti ndani ya siku 14. Mvua ikinyesha mara mbili, wino umeshatiririka. Wengi hupita wakidhani ni tangazo la shamba linalouzwa.

Ubao ule haujawekwa kwa ajili ya afisa wa kaunti, maana yeye ana faili mezani. Umewekwa kwa ajili yako wewe unayepita. Lakini swali ambalo watu huuliza kwanza ni jingine: kama ardhi ni yangu, hati ninayo na kodi nalipa, niombe ruhusa ya nini? Na jirani anaingiaje katika mambo ya shamba langu?

Hati miliki inakupa ardhi. Haikupi kila matumizi ya ardhi hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali ya mtu katika Ibara ya 40, kisha Ibara ya 66 inairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa sababu za ulinzi, usalama na utulivu wa umma, maadili, afya, au mipango ya ardhi. Kazi ya mipango yenyewe imewekwa mikononi mwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba hiyo. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, ndiyo inayotumika leo. Kifungu cha 57 kinasema hakuna mtu atakayestawisha ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Na neno kustawisha hapa halimaanishi kujenga tu. Kugeuza nyumba iliyojengwa zamani kuwa baa ni kustawisha. Kukata eka mbili kuwa ploti za futi hamsini kwa mia vilevile.

Hapa kuna kosa ambalo limewagharimu wengi. Shamba la kilimo likiuzwa au kugawanywa, linapitia pia bodi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967. Mtu akishapata kibali cha bodi anadhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Bodi imekubali uuzaji au ugawaji tu. Kama hati inasema kilimo, ardhi hiyo bado ni ya kilimo hadi kaunti iseme vingine.

Sasa, kwa nini pasiwe na orodha mbili tu, moja ya yanayoruhusiwa na nyingine ya yaliyokatazwa? Kwa sababu shughuli nyingi za maana hazikai vizuri kwenye orodha yoyote kati ya hizo. Machimbo ya mawe yanahitajika, maana mji wote umejengwa kwa mawe yake. Kichinjio kinahitajika. Mnara wa simu, shule, kanisa lenye vipaza sauti, kituo cha mafuta, banda la kuku elfu kumi: vyote vina faida, na vyote vinaweza kuwa kero au hatari vikikaa pasipofaa. Huwezi kuvikataza kila mahali wala kuviruhusu kila mahali. Vinahitaji kutazamwa kimoja kimoja, mahali kwa mahali.

Wamarekani walifikia hapo karne moja iliyopita. Mwaka 1926 Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, na hakimu aliyeandika uamuzi alitoa mfano ambao mkulima yeyote ataushika mara moja: kero huenda ikawa kitu chema kilichowekwa mahali pabaya, kama nguruwe aliyeingizwa sebuleni badala ya kuachwa zizini. Hadi leo, katika jimbo la Michigan, matumizi ya aina hii yana jina lake maalumu kisheria, hata katika vijiji vya wakulima. Wenye mali walio ndani ya futi 300 za eneo, yaani kama mita 90, hupelekewa ilani siku 15 au zaidi kabla ombi halijasikizwa. Na sheria yao ina jambo ambalo nalipenda: mwombaji akitimiza viwango vyote vilivyoandikwa, lazima aruhusiwe. Afisa hana nafasi ya kusema hapana kwa sababu hampendi mtu.

Kwetu safari ya ombi huanza kwa mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, anayeandaa ripoti ya kueleza eneo lilivyo, jirani kuna nini na badiliko litaleta nini. Faili likifika kaunti, nakala zinapelekwa kwa idara nyingine kama barabara, maji, afya na mazingira, ili kila moja itoe maoni yake. Umma unaarifiwa kwa gazeti na kwa ule ubao wa langoni. Kisha waziri wa kaunti anaruhusu, anaruhusu kwa masharti, au anakataa.

Tuchukue mfano wa kubuni, banda la kuku elfu kumi kwenye eka mbili hapo Ruai. Mtu akitazama ramani peke yake ataona ardhi tupu na atasema hakuna neno. Anayelijua eneo ataanza na udongo. Upande wa mashariki mwa Nairobi una ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji hayazami humo. Shimo la maji machafu linalofanya kazi vizuri Kikuyu, kwenye udongo mwekundu, hapa litafurika msimu wa mvua ndefu, na kinyesi cha kuku kitaelea mtaroni hadi kwa jirani wa chini. Kisha atauliza upepo unatoka wapi. Nairobi upepo kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo nyumba zilizo magharibi mwa banda ndizo zitakazobeba harufu. Maji ya kuku yatatoka wapi? Kama ni kisima cha kuchimba, kuna kibali kingine cha mamlaka ya rasilimali za maji. Lori la chakula litapita barabara gani, na barabara hiyo ina upana wa kupisha lori na watoto wanaotoka shule kwa wakati mmoja?

Majibu ya maswali haya mara nyingi hayaishii kwa ndiyo au la. Yanazaa masharti: banda likae mbali na mpaka, kinyesi kisombwe kila wiki, malori yasiingie usiku, miti ipandwe upande wa nyumba, mtaro ujengwe kwanza ndipo banda. Binafsi naamini masharti ndiyo moyo wa utaratibu huu wote. Ruhusa isiyo na masharti ni karatasi tu, na masharti yasiyokaguliwa ni karatasi mbili.

Utaratibu huu unapopuuzwa, Nairobi inajua hasara yake. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, katikati ya makaazi ya watu. Watu walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. Baadaye mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilieleza kuwa mwaka 2023 ilikuwa imekataa mara tatu maombi ya kujenga kituo cha kujazia gesi mahali hapo, kwa sababu michoro haikufikia viwango vya usalama na watu wanaoishi karibu ni wengi mno. Upande wa mazingira leseni ilikuwa imetolewa, na maafisa wakasimamishwa kazi kwa ajili hiyo. Meza moja ilisema hapana, nyingine ikasema ndiyo, na gesi ikaendelea kuingia. Naukumbuka moshi ule kila ninapoona ubao umeanguka matopeni na hakuna aliyeusoma.

Kuna kifungu kingine kinachofaa kujulikana na kila anayeishi pembezoni mwa mji. Kifungu cha 58 cha sheria ile ya 2019 kinasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Sababu yake ni ya haki: mwananchi asizungushwe mwaka mzima na ofisi isiyotaka kujibu. Lakini maana yake kwa jirani ni nzito. Faili likilala kwenye droo, aliyelala si mwombaji. Kimya cha ofisi kinamfaa yeye, na kimya chako pia kinamfaa yeye.

Kila ombi hutazamwa peke yake, na hapo ndipo utaratibu unapokuwa dhaifu zaidi. Nenda kusini, uvuke mpaka wa Nairobi uingie Kajiado upande wa Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ina ua pande za mjini, lakini kusini imeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waweze kwenda kwenye tambarare za Athi na kurudi kwa msimu. Njia yao inapita kwenye ardhi za watu binafsi. Mwenye eka 20 akiomba kugawanya, ombi lake halina kosa: anasomesha watoto, na ufugaji haulipi kama zamani. Wa pili naye hana kosa. Ploti zikishauzwa, kila mnunuzi anaweka ua wake. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua kuifunga njia ya wanyama, lakini inafungwa, ruhusa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kimaasai wa Kitengela, dola 4 kwa eka kwa mwaka, ili wasiweke ua wala kuuza. Dawa ya kweli ni mpango wa eneo zima, ulioidhinishwa mapema, unaosema hapa ni makaazi, hapa malisho, hapa viwanda. Sheria inamtaka anayeamua afuate mipango hiyo. Pasipo na mpango, afisa anabaki na faili moja mbele yake na ploti moja kichwani.

Najua wapo wanaosikia neno mipango na mioyo yao inakataa, na wana sababu. Nairobi ya wakoloni ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walipewa miinuko ya magharibi yenye ploti kubwa, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika wakasongamanishwa Eastlands karibu na reli na viwanda. Chombo kile kile kinachoweza kumlinda mtoto na gesi kilitumika kuwatenga wenye nchi. Hadi leo ukitazama ukubwa wa ploti za Karen na za Kayole utaona mistari ile bado inasomeka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kung'ang'ania ilani na pingamizi, kwa sababu zamani zile aliyeishi Eastlands hakuulizwa lolote.

Basi ukiona ubao, piga picha kabla mvua haijafika, nambari ya ploti ionekane. Barua ya pingamizi si lazima iandikwe na wakili. Kinachoipa uzito ni mambo ambayo sheria inamtaka afisa ayatazame: mpango wa eneo, athari kwa mazingira, huduma kama barabara, maji na shule, maoni ya idara nyingine, na kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya ukodishaji. Kusema "hatumtaki" hakusaidii. Kusema "mtaro huu ulifurika Aprili ukaingia nyumba hizi sita, picha ni hizi" kunasaidia sana. Si lazima pia uombe likataliwe lote. Unaweza kuomba masharti, na mara nyingi hilo ndilo litakaloingia kwenye ruhusa.

Uamuzi usipowaridhisha, mwombaji au jirani mwenye maslahi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo peleka barua yako ya pingamizi kwa mkono kama unaweza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikisomeka. Hiyo tarehe ndiyo itakayoonyesha kuwa ulisema kabla ya zile siku 14 za kwenye ubao kuisha.