Bastola ndogo za bei nafuu: pesa ilibanwa wapi?

Nikiwekewa mezani bastola ndogo ya zamani iliyouzwa kwa bei nafuu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni pale mtengenezaji alipobana matumizi. Hakuna iliyokosa pahali hapo. Wapo waliobana kwa akili, na wapo waliobana pasipostahili kuguswa. Baada ya miaka mingi ya kuzifungua na kuzikagua, hivyo ndivyo ninavyozipanga kichwani, hata kabla ya kuuliza inatumia risasi gani.

Chukua Raven P-25. George Jennings aliitoa mwaka 1970 huko California, miaka miwili baada ya sheria ya Marekani ya 1968 kuzifungia mlango bastola ndogo za bei rahisi kutoka nje. (Sheria ile ilipima hadi kimo. Walther PPK, bastola ya Kijerumani ya mwaka 1931, ilipungukiwa kidogo tu, ndipo slaidi yake, sehemu ya juu inayorudi nyuma unapofyatua, ikawekwa juu ya fremu, yaani kiunzi cha chini chenye mpini, ya Walther PP iliyo ndefu zaidi, ikazaliwa PPK/S.) Jennings alibana kwenye madini. Hakuchonga chuma, alimimina kwenye kalibu zamaki, aloi ya zinki inayoyeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, akatia mtutu wa chuma. Kwa risasi ya .25 (kipenyo cha kama robo inchi), yenye nguvu ndogo, mpango huo ulitosha.

Mambo yaliharibika kampuni nyingine za California zilipoipeleka aloi hiyohiyo kwenye risasi ya .380, yenye nguvu zaidi. Bastola za aina hii hazina komeo la kufunga slaidi na mtutu pamoja. Unapofyatua, kinacholizuia ganda lisichomoke mapema kwenye chemba, yaani pahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni uzito wa slaidi na springi yake, basi. Nguvu ya risasi ikiongezeka, slaidi nayo lazima iongezwe uzito. Na kwa kuwa zamaki ni dhaifu kuliko chuma, kuta zake hufanywa nene. Mwishowe unashika kitu kidogo kwa urefu lakini kizito kama nyundo ya seremala. Slaidi za namna hiyo nimezipokea zikiwa na nyufa, na sijawahi kukubali kuzirudisha kazini.

Makarov nayo haina komeo, lakini ni dunia nyingine kabisa. Jeshi la Kisovieti liliichukua mwaka 1951: chuma kitupu, gramu 730, risasi 8 kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Nikolai Makarov alibana kwenye idadi ya vipande. Springi yake kuu ni bamba moja bapa lililokunjwa. Tawi moja linaisukuma nyundo, jingine linahudumia mfumo wa triga, na ncha ya chini ndiyo inayoishikilia magazini. Kipande kimoja, kazi tatu! Kila nikiitoa hunifurahisha upya. Vita Baridi vilipokwisha, Makarov nyingi ziliingia Marekani kwa bei ndogo, na wengi walionunua wakati ule hawakujua wamepata kitu kizuri kiasi gani.

George Kellgren wa kampuni ya Kimarekani ya Kel-Tec alishika njia tofauti. P-32 yake ya mwaka 1999 ina fremu ya plastiki na, jambo ambalo wengi hawalitarajii kwenye risasi ndogo ya .32, ina komeo: mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja kwanza, kisha mtutu unainama na kuachana nayo. Slaidi haitegemei tena uzito wake, kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba. Bastola nzima, bila risasi, haifiki gramu 200. Alichokitoa sadaka ni vilengeo, ambavyo ni vijidonge tu visivyoonekana kwenye mwanga hafifu. Kwa bastola ya kukaa mfukoni, naona alichagua vyema.

P-3AT ya .380 ikafuata mwaka 2003, na mwaka 2008 kampuni ya Ruger wakaja na LCP, inayofanana nayo sana. Ukiwa nayo LCP ya mwanzo, tazama namba yake. Zile zinazoanza na 370 ziliitwa zirudishwe kiwandani Oktoba 2008 kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka chini zikiwa na risasi kwenye chemba, na sehemu zikabadilishwa bure. Ikiwa huna hakika kama yako ilipelekwa, iache bila risasi mpaka uhakikishe.