Je, wajua kwa nini simu hukosea kuitambua homa ya pwani?

Mtu wa Malindi akiamka na homa, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma, huandika dalili hizo tatu kwenye simu kabla hata ya kunywa chai. Majibu huja papo hapo, na mara nyingi humpeleka siko. Si lazima yawe ya uongo. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo ni za malaria, dengi, chikungunya, taifodi na mafua makali. Kinachoyatenganisha maradhi haya ni mahali ulipo, homa ina siku ngapi, na kipimo cha damu.

Tuanze na mahali. Kurasa nyingi za afya zimeandikiwa wasomaji wa Uingereza na Marekani, ambako malaria ni ugonjwa wa msafiri na hutajwa mwisho, ikiwa itatajwa. Nayo dengi si ngeni kwetu: mwaka 1982 ililipuka Malindi na Kilifi. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu na kuwashika wakazi wengi kuliko iliowaacha. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji majumbani, na mbu aina ya Aedes, aenezaye dengi na chikungunya, hutaga humo humo kwenye mapipa na mabirika. Mbu huyu huuma mchana. Anayejiambia "mimi hulala ndani ya chandarua, hii haiwezi kuwa ya mbu" amejidanganya.

Programu za kutambua ugonjwa kwa dalili nazo zimewahi kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la BMJ ulizijaribu 23 kwa visa 45 vya wagonjwa. Ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza katika asilimia 34 tu ya majaribio.

Hatari kubwa zaidi ni dawa inayofuata. Ukurasa wa mafua utakwambia unywe ibuprofen. Duka la dawa litakuuzia, au likupe diklofenaki, maana viungo vinauma. Ikiwa ni dengi, dawa hizi mbili pamoja na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu, kwa sababu ugonjwa wenyewe tayari umepunguza chembe zinazogandisha damu. Mpaka upimwe, tuliza homa kwa paracetamol: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, aache saa 6 kabla ya kurudia, asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Na maji mengi.

Dengi ina hila nyingine ambayo msomaji wa haraka huipita. Hatari yake huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ndipo maji ya damu huanza kuvuja kutoka mishipani. Tumbo likiuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoa damu au mtu kukosa utulivu: hospitali mara moja.

Wengine hujihukumia malaria na kununua dawa mseto bila kupima. Dozi ya mtu mzima ya artemether na lumefantrine ni vidonge 24: vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani bila mafuta lumefantrine haifyonzwi vizuri. Anayekunywa 8, akapata nafuu na kuweka vingine akiba, huacha vimelea vichache damuni. Akienda kupimwa, darubini huenda isivione, na ugonjwa ukarudi baadaye. Kinyume chake pia hutokea: kipimo cha haraka cha malaria huweza kuonyesha "unayo" wiki kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa hunasa protini ya vimelea iliyobaki damuni. Basi taja kila dawa uliyomeza, na ubebe paketi zake.

Taifodi nayo hutangazwa mno kwa kipimo cha Widal, ambacho husoma kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na ugonjwa, na huweza kuitikia ugonjwa wa zamani. Kuotesha bakteria wa damuni maabara ndiko kunakoaminika zaidi.

Simu itumie kuandika saa homa ilipoanza, joto la kila kipimo, na nani mwingine nyumbani anaugua. Ukishapewa jibu la maabara, soma utakavyo. Wakati huo una jina la ugonjwa, na maswali yako kwa daktari yatakuwa na maana.

Mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyepauka viganja, hasubiri utafutaji wowote. Kwa walio kisiwani Pate jambo hili lina uzito wa pekee: mashua za kwenda Lamu hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa. Kituo cha afya kilicho karibu kijulishwe mapema, kabla maji hayajatoka.